Mkasi na Sauti ya Dalali

Kama umewahi kuagiza gauni ukakabidhiwa shuka lenye mikono, hutabisha nikisema mafundi wengi wa nguo hukata kwanza wakafikiri baadaye. Mkasi hakuwa hivyo. Mkasi ni jina tulilompa sisi, na aliliitikia upesi kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mkataji mkuu wa kiwanda chetu kidogo cha ushonaji, chumba kirefu ghorofani juu ya duka la saa, madirisha upande mmoja na cherehani upande wa pili. Mimi ni mshona vifungo. Kiti changu kiko kati ya meza yake na pazia la kujipimia, kwa hiyo mengi niliyoyasikia pale sikuombwa kuyasikia, na wala sikuziba masikio.

Meza yake ilikuwa pana kama kitanda cha watu waliogombana. Alitandaza kitambaa, halafu akapanga juu yake pateni, zile karatasi ngumu zenye umbo la nguo: mgongo, kifua, mkono, kola. Wakataji wengine huzipanga mara moja, wakachora kwa chaki na kuanza. Yeye alizisogeza. Alizisogeza tena. Angeweza kumaliza asubuhi nzima akisogeza, na mwenye kiwanda akipita akakohoa, hageuki. Ukimuuliza anangoja nini alikujibu kwamba mkasi haurudi nyuma.

"Kitambaa ni hikihiki," aliwaambia wateja. "Ukirefusha pindo umefupisha mkono. Usiniambie unataka vyote. Niambie kipi kikipungua hutalia."

Siku moja waliingia bibi harusi, mama yake na shangazi wa bwana harusi, pamoja na hariri nyeupe ambayo isingepatikana nyingine ikiharibika. Mama alitaka mikono mirefu. Shangazi alitaka mkia wa kufagia ukumbi mzima. Bibi harusi alisema chochote watakachopenda wakubwa ni sawa. Mkasi akaweka chaki chini, akawaingiza nyuma ya pazia mmoja mmoja. Mama alipokuwa peke yake, ikajulikana kwamba shida haikuwa mikono bali kovu la moto alilokuwa nalo binti yake begani, ambalo hakutaka wakwe walione. Shangazi peke yake alikiri kuwa mkia haumkoseshi usingizi, ila hakutaka aonekane amekuja kukaa kimya kama begi. Na bibi harusi peke yake akanong'ona kwamba kiuno chake cha leo huenda kisiwe kiuno cha siku ya harusi.

"Huenda?" Mkasi akamuuliza.

"Huenda sana, mama."

Basi Mkasi akakata mabega ya kufunika, mkia wa kiasi, na ndani ya mishono ya ubavuni akaficha kitambaa cha akiba ambacho kingefumuliwa ikihitajika na kulala kimya isipohitajika. Harusi ikapita, watu wakasifu, shangazi akajisifu zaidi ya wote. Nilimuuliza Mkasi kwa nini huwa anawatenga watu. Akasema mtu akiwa mbele ya anayempenda hupima kwa mwili wa yule mwingine.

Ilianza hivyo, kwa nguo, halafu watu wakaanza kumletea mambo yasiyo na pindo wala kola. Muuza saa wa chini alipanda siku moja, mikono mfukoni, akasema ameitwa kazini katika mji mwingine, na mama yake mzee hawezi kusafiri, na mke wake anataka kwenda, na hajui kama hiyo kazi itadumu. Mimi nilimwambia kwamba mshika mawili moja humponyoka. Mkasi akaniangalia kama mtu aliyeona mshono wa ovyo. "Hilo kila mtu analijua," akasema. "Kazi ni kujua mapema lipi liponyoke." Akamkalisha, akamuuliza maswali yake matatu. Unataka nini, vyote bila aibu? Kipi kati ya hivyo ukikikosa utalia? Na mambo yakienda mrama, maana yanaweza kwenda mrama hata ukifanya kila kitu sawa, uharibifu upi utaweza kuishi nao?

Hilo la tatu ndilo lililowafanya watu wanyamaze. Muuza saa aliikoroga chai aliyopewa mpaka ikapoa. Kisha akasema kazi ikivunjika anaweza kuanza upya, lakini mama akifia mikononi mwa majirani hataweza kujitazama kwenye kioo. Akabaki. Mkasi hakumwambia abaki wala aende. Hakuwahi kumwambia mtu la kufanya, na mimi ningekuwa yeye ningewaambia wote.

Mume wake alikuwa Dalali. Aliuza mnadani vitu vya watu waliohama na waliokufa: makabati, vitanda, majokofu, vyombo vya jikoni. Kama Mkasi alikuwa mtu wa kufikiri kimya, basi Mungu alimpa mume wa kufikiri kwa mdomo. Ulimsikia kabla hujaukaribia uwanja. "Kabati hili lina umri wa bibi yako na bado lina meno yote! Wewe mwenye kofia, usinitazame kama nakudai, panda kidogo!" Watu wasiokuwa na nia ya kununua walikwenda kumsikiliza tu, wakarudi nyumbani na viti ambavyo hawakuvihitaji. Mimi mwenyewe nina kioo cha kuvalia chenye ufa ambacho mpaka leo sijui niliingiaje mkenge.

Nyumbani hakunyamaza pia. Aliongea na birika, aliongea na soksi iliyopotea mwenzake, alikuwa akimnadi mke wake mbele ya mke wake: "Huyu hauzwi, huyu ni wa maonyesho." Mkasi alilalamika kwetu kila siku. Huyu mtu hana swichi, alisema, hata usingizini anapandisha bei. Lakini jioni ilipokaribia na sauti ile ikasikika toka kona ya mtaa ikisalimia kila mlango, nilimwona akikunja kitambaa haraka, akitafuta viatu vyake.

Halafu sauti ikaanza kukwaruza. Mwanzo tulidhani ni mafua, kisha vumbi la uwanja, kisha umri. Dalali akanywa asali na tangawizi na kila alichoshauriwa na kila mpita njia. Mkasi akampeleka hospitali kwa nguvu. Siku ya kwenda kusikia majibu aliniomba niende nao, kwa kuwa masikio yake, alisema, yameziba kwa hofu na anahitaji ya kuazima.

Daktari wa koo alikuwa mwanamke mpole, asiyependa kukimbiza maneno. Alituchorea koo kwenye karatasi, akatuonyesha uvimbe ulipokaa, pale pale kwenye chombo cha sauti. Akasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji, kukitoa chombo chote, na Dalali atapumua kwa tundu shingoni maisha yake yote. Ya pili ni mionzi.

"Niseme kwa watu kumi," akasema. "Watu kumi wenye uvimbe kama huu nikiwapasua, saba ninakuwa nao bado baada ya miaka michache. Lakini sauti yao ya kuzaliwa hairudi. Kuna vifaa vya kusaidia, wengine vinawafaa, wengine haviwafai. Nikiwapa mionzi, ninabaki na watano, na wengi wa hao wanaongea."

"Mimi nitakuwa wa ngapi?" Dalali akauliza.

"Hapo ndipo ninapofika mwisho wa kujua," daktari akasema. "Naweza kukwambia habari za kumi. Za mmoja siwezi."

Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa lilinitia baridi. Akatuambia tuchukue siku chache tufikiri, tusichukue wiki nyingi. Dalali alimshukuru kwa mzaha mmoja kuhusu bei ya shingo yake, na daktari akacheka kweli, kisha akageukia dirishani.

Kinyozi hajinyoi. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni na sikujua kina chake mpaka Jumapili ile. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, cherehani zimefunikwa, na mimi nilikuwa namalizia mashati ya sare za shule yaliyotakiwa kesho yake. Wakapanda ngazi wote wawili, Mkasi mbele, Dalali nyuma amejifunga skafu. Mkasi akatandaza mezani vipande viwili vya bitana, kimoja cha upasuaji na kimoja cha mionzi. Akakikunja kila kimoja mikunjo kumi. Cha upasuaji akaacha mikunjo saba wazi na kuibana mitatu kwa pini. Cha mionzi akaacha mitano, akabana mitano. Alitaka mume wake aione hatari kwa macho, maana hatari ya maneno Dalali angeinadi mpaka ionekane rahisi.

Kisha akachukua karatasi ya kaki na mkasi. Akasema kila mmoja akate anachokitaka, kwa ukubwa wa anavyokitaka, tuone nini kinakaa juu ya kitambaa kipi.

Akaanza yeye. Akakata karatasi ya kwanza, akaandika juu yake KUISHI, na ilikuwa kubwa kama mgongo mzima wa koti. Akakata nyingine ndogo ndogo: maumivu yasiwe mengi, kazi, kuongea. Halafu akampigia simu binti yao, mwalimu katika mji mwingine, akaweka simu mezani kwa sauti ya kusikika na wote. Binti alianza kueleza vizuri kama yuko mbele ya darasa. Akafika katikati, akakatika.

"Baba, usituache," akasema. "Sihitaji kitu kingine. Uje tu ukae kwenye kiti changu, hata usiponiambia neno."

Dalali alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Aliitazama ile karatasi ya mke wake muda mrefu. Kisha akaomba mkasi, akakata na yeye. KUISHI yake aliikata akiilinganisha na ya mkewe kwa jicho, na alipoilaza juu yake kingo zilikutana kila upande. SAUTI akaikata mwisho. Ilitoshea kwenye kiganja chake, kama kifuniko cha mfuko wa shati.

Mimi nimeshona vifuniko vya mifuko tangu usichana wangu, na hasira ilinipanda. Mtu aliyekula kwa mdomo wake, aliyetongoza kwa mdomo wake, aliyemlea mtoto kwa hadithi zisizokwisha, leo sauti yake ni kifuniko cha mfuko?

"Dada," nikasema, "mbona mmekaa pamoja? Si ulisema kila mtu peke yake?"

"Hii ni ndoa, si gauni," akanijibu bila kugeuka. "Tumelala kitanda kimoja miaka yote hii, kuna pazia gani tena? Rudi kwenye vifungo vyako."

"Mwache shemeji," Dalali akasema kwa ile sauti yake iliyokwaruza. "Anajaribu kupandisha bei."

Mkasi akamshika mkono. "Una hakika, baba?"

"Mke wangu, mimi nimewauzia watu majokofu yasiyogandisha. Nitashindwaje kujiuzia ukimya?"

Akacheka, na Mkasi akacheka huku machozi yakimtoka, na mimi nikarudi kwenye vifungo vyangu kama nilivyoagizwa. Karatasi zilikaa vizuri juu ya kitambaa cha upasuaji. Hakuna kilichozidi wala kupungua. Ukiangalia kazi yenyewe ungesema ni kazi safi.

Kabla ya kulazwa alifanya mnada wa mwisho. Sikwenda, sikuwa na moyo huo. Mkasi alikwenda, akasimama nyuma kabisa. Aliniambia Dalali aliuza mpaka meza aliyokuwa amesimamia, akashuka chini, akaendelea kuuza. Watu hawakujua. Walidhani ni uchangamfu wa kawaida, wakapiga makofi wakaondoka na viti vyao.

Asubuhi ya upasuaji Mkasi alikuwa amejiandaa kusikia neno kubwa. Alijua lolote litakalosemwa mlangoni pale ndilo la mwisho kwa sauti ile. Wakamlaza Dalali kwenye kitanda cha magurudumu, wakaanza kumsukuma, akainua kichwa.

"Umefunga bomba la jikoni?" akauliza.

Mkasi akasema amefunga. Mlango ukafungwa. Alinieleza hilo mara nyingi baadaye, kila mara akianza kwa kucheka na hakuna mara aliyomaliza akicheka. Bomba lenyewe, alisema, hata halikuwa linavuja.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alifurahi, binti akaja akakaa wiki nzima, sisi kiwandani tukanunua soda. Kile kifaa cha kusaidia kuongea alijaribu, kidonda kikakataa, akajaribu tena, kikakataa. Mkasi alimshonea vitambaa vidogo vya pamba nyepesi vya kufunika tundu la shingoni, vyenye kola ndogo kama ya shati, vya rangi ya kila shati lake, na alivishona mwenyewe kwa mkono, yeye ambaye hakuwa ameshika sindano tangu apande cheo. Ili waongee, alimkatia kipande cha bitana nyeusi, akampa chaki yetu ya kuchorea nguo. Dalali aliandika, ukasoma, akafuta kwa mkono wa shati. Kila shati lake likawa na mkono mmoja mweupe.

Alijitahidi. Hilo lazima niliseme, asije mtu akadhani alinuna. Aliandika mizaha. Aliandika kwamba sasa ndiye mume pekee mtaani asiyejibizana na mkewe. Alipocheka mabega yalitikisika na hakukutoka kitu ila pumzi ikipiga kitambaa cha shingoni, na sisi tuliokuwa tumezoea kicheko chake kile cha kufika barabarani tulitazama chini. Alikwenda mnadani mara moja. Mnadi mpya alimpa kiti cha mbele, wanunuzi wakaja kumsalimu mmoja mmoja, na karibu wote walipaza sauti kana kwamba masikio ndiyo yaliyokatwa. Mnadi huyo akawa anauza kabati zuri kwa bei ya kutupa, kwa uvivu tu wa maneno. Dalali alisimama, akainua mkono, akabaki ameuinua. Mnadi akadhani anataka kununua. Akarudi nyumbani kabla ya saa sita, na hakwenda tena.

Baada ya hapo akawa anakuja kiwandani na mkewe, anakaa juu ya furushi la vitambaa karibu yangu, anatoa nyuzi zilizobaki kwenye mashati. Alikuwa na mikono mizuri kwa kazi hiyo. Mkasi alikuwa akikata huku akimsemesha, yeye sasa ndiye asiye na swichi, anamweleza habari za birika na za soksi na za jirani, na kila baada ya muda anageuka kuona kama ameandika jibu. Nilimwona akiwa na furaha siku hizo. Ninasema kwa sababu ni kweli: alikuwa na mume wake kutwa nzima, jambo ambalo hakuwahi kuwa nalo, na alinenepa kidogo.

Halafu Dalali akaanza kukohoa. Uvimbe ulikuwa umeruka, umekwenda mapafuni. Daktari yule yule alituketisha kwenye viti vile vile. Hakutuficha kitu. Alisema uamuzi ulikuwa mzuri kwa yale yaliyojulikana siku ile, na kwamba uamuzi mzuri wakati mwingine hupata matokeo mabaya, na si kosa la mtu. Mkasi aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza vipimo vya mtu mwingine. Kile kitambaa cha upasuaji kilikuwa na mikunjo mitatu iliyobanwa kwa pini, na mume wake alikuwa ameangukia humo.

Siku chache baadaye, wafanyakazi wengine walipotoka kwenda kula, Mkasi aliacha kukata. Akazunguka meza, akachuchumaa mbele ya furushi alilokalia Dalali. Mimi nikasimama ili nitoke. Dalali akaniashiria nikae. Dalali hauzi bila shahidi, ndivyo alivyokuwa akisema zamani.

"Sikukuuliza peke yako," Mkasi akasema. "Nakuuliza sasa. Ungekuwa peke yako duniani, bila mimi, bila mtoto. Ungekata nini?"

Alikaa na chaki mkononi. Nilidhani ataandika mzaha. Akaandika SAUTI, kwa herufi kubwa zilizojaza kitambaa kizima. Mkasi akaisoma, nami nikaisoma. Hakulia.

"Basi kwa nini?" akauliza. "Kwa nini ulikata vile?"

Dalali akafuta kwa mkono wa shati. Akaandika polepole, akafuta, akaandika tena, kwa sababu maneno yalikuwa mengi na kitambaa kidogo. Aliandika kwamba swali la tatu, lile la uharibifu wa kuishi nao, halikuwa lake. Yeye akikosea, atakufa, na aliyekufa haishi na kosa. Atakayeishi nalo ni yule anayebaki. Akafuta tena. Akaandika: Nilikata kwa kipimo chako. Kisha akamshika kidevu, akamtazama, na mabega yake yakatikisika kidogo kama vile alivyofanya akicheka, lakini hakuwa anacheka.

Alikufa wodini asubuhi moja, mkewe akiwa amemshika mguu juu ya blanketi. Binti alikuwa njiani. Mazishi yalijaza watu wa mnadani, na kila mmoja alikuwa na kitu nyumbani kwake alichouziwa na marehemu bila kukihitaji, na kila mmoja alikisimulia. Niliwasikia wakicheka huku wanafuta macho. Mkasi alikaa katikati yao akisikiliza maneno ya mume wake yakisemwa kwa vinywa vya watu wengine, wote wakiiga vibaya, hakuna hata mmoja aliyeipata ile sauti.

Aliporudi kazini alikata kama kawaida. Watu waliendelea kumletea mambo yao. Aliwasikiliza, akawaambia hajui, akawarudisha. Muuza saa alipanda kumpa pole, akamwambia alichoambiwa na kila mtu, kwamba aliamua vizuri, kwamba yaliyotokea ni mapenzi ya Mungu, kwamba angalau alipata ule mwaka na kidogo juu. Mkasi akamshukuru, akamsindikiza mpaka ngazini. Kisha akaja akakaa kwenye lile furushi karibu yangu, mahali pa mume wake.

"Wote wananifariji kwa jambo ambalo si lenyewe," akasema. "Wanadhani ninajilaumu kwa kutomuuliza peke yake."

"Si hivyo, dada?"

"Sikiliza. Ningerudishwa leo pale mezani. Najua anachokitaka, nimekisoma kwa macho yangu, herufi kubwa. Najua ugonjwa utarudi. Najua atasimama mnadani ameinua mkono. Unajua ningefanya nini?"

Nikaweka sindano chini.

"Ningemkata sauti vilevile," akasema. "Kwa ule mwaka. Kwa kumwona amekaa hapa anatoa nyuzi. Ningemnyang'anya tena, nikijua, na yeye angeniachia tena. Na hakuna mtu ninayeweza kumwomba msamaha, maana aliyepaswa kunisamehe alishanisamehe kabla sijaanza." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sasa niambie, mtu kama huyo alikuwa mke gani."

Nilikuwa na majibu ya mambo yote mtaani, kila mtu anajua hivyo. Safari hii nilimshika tu, tukalia wote wawili mpaka wenzetu waliporudi kutoka kula, kwa sababu ningekuwa mimi ningefanya vilevile.